Saa ya Ng'ambo

Koplo Salma alinipigia kwa simu ya mwenyekiti wa kitongoji. Akaniambia Jumatatu niende mjini na simu ya marehemu mke wangu, tena nivae vizuri kwa sababu kutakuwa na wageni.

"Afande, kesi yangu imefufuka?" nikamuuliza.

"Imepata bahati, baba. Yamekuja mafunzo."

Miezi saba malalamiko yangu yalikaa kwenye droo. Kila nikienda naambiwa jalada liko kwa mkubwa, na mkubwa yuko safari. Kifo cha Mwanahawa hakikumwinua mtu kwenye kiti. Walikuja kuinuliwa na mafunzo ya upelelezi wa makosa ya kompyuta, yaliyoshuka kutoka Dar es Salaam na mkufunzi wake, mitambo yake na maji yake ya chupa. Mkufunzi alitaka kesi ya kweli ya kuwafundishia askari. Wakapekua droo, wakaikuta yangu.

Malalamiko yenyewe yalikuwa haya. Mwezi wa saba mwaka jana, asubuhi, mke wangu alishikwa na tumbo. Tunakaa kijiji cha mwisho kabla ya mto Ruvuma kuingia baharini, na ukivuka mto uko Msumbiji. Nilipiga simu kituo cha afya kuomba gari la wagonjwa. Gari lilikuja saa tano na nusu. Dereva alikuwa amempeleka Mganga Mfawidhi, mkubwa wa kituo, kwenye mapokezi ya mgeni wa serikali, na mpaka ngoma ziishe hapakuwa na gari. Mwanahawa alikata roho saa saba mchana, tumeshafika mlangoni pa hospitali kubwa mjini. Daktari alisema ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ikapasuka, damu ikajaa tumboni. Akavua miwani akasema, "Mngemfikisha hata saa moja kabla, mzee wangu." Mimi nikalibeba neno hilo mpaka polisi.

Kabla ya kwenda mjini nilifanya jambo moja, na nitalieleza kama lilivyokuwa.

Simu ya Mwanahawa ni kitochi, simu ndogo ya vitufe yenye laini mbili. Laini ya kwanza ilikuwa ya Msumbiji, maana mama yake na dada zake wako ng'ambo, na huku kwetu nusu ya nyumba zina laini ya kule. Simu ilikuwa inafuata saa ya laini ya kwanza, na saa ya ng'ambo iko nyuma ya kwetu kwa saa moja kamili. Sisi tulishazoea. Ukiangalia simu ya Mwanahawa unaongeza moja kichwani, basi. Hata Ramadhani tulifuturu hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kukosea.

Lakini tangu vita vianze kule ng'ambo, ukikutwa na laini ya Msumbiji unaulizwa maswali. Jirani yangu mmoja aliulizwa siku nne, akarudi hasemi na mtu. Kwa hiyo Jumapili nilifungua kifuniko, nikatoa betri, nikaichomoa ile laini, nikaivunja na kuitupa chooni. Niliporudisha betri simu ikaniomba saa. Nikaiwekea saa ya redio, saa ya kwetu. Niliogopa maswali ya ng'ambo tu. Habari ya saa haikunipitia kichwani hata kidogo.

Mafunzo yalikuwa kwenye ukumbi wa kukodi, mtaa wa Chuno, Mtwara mjini. Askari kumi na wawili, kila mmoja na daftari jipya na kalamu ya bure. Mkufunzi anaitwa Frank, kijana mrefu wa tai, anaongea taratibu kama anasomea wagonjwa. Alivaa glavu ndipo akaipokea simu. Nilishangaa. Mwanahawa mwenyewe alipokufa, aliyemshika hakuwa na glavu, ziliisha.

"Hiki ndicho kielelezo chetu," Frank akasema, akikiinua kitochi.

Sajini Amani, mnene mmoja aliyekaa mbele, akanigeukia. "Mzee Kassimu, hii simu ina umri kuliko mimi."

"Na ina adabu kuliko wewe," nikamjibu.

Wakacheka wote, hata Frank. Akawaeleza kwamba kwanza simu inatiwa kwenye mfuko maalumu usiopitisha mtandao, mtu asije akaifuta akiwa mbali. Halafu inachukuliwa nakala ya kila kitu kilichomo, na kazi yote inafanyika kwenye nakala, simu yenyewe haiguswi tena. Kila anayeipokea anaandika jina, tarehe na saa. Mnyororo huo ukikatika, wakili anakumaliza mahakamani.

"Binadamu ana ndugu, ana njaa, ana hofu," akasema. "Simu haina. Ndiyo maana tunaihoji yenyewe."

Akanigeukia kwa heshima. "Mzee wangu, tangu siku ya tukio, simu hii imewahi kufunguliwa? Kutolewa betri, kutolewa laini?"

"Hapana."

"Naona ina nafasi mbili za laini, na hii ya kwanza iko tupu. Ndivyo ilivyokuwa siku zote?"

"Siku zote."

Salma akaandika. Frank akaiangalia saa ya kitochi, akaangalia ya ukutani. Zililingana. "Saa ya simu ni sahihi. Andikeni." Kalamu kumi na mbili zikaandika. Nami nikatia sahihi yangu, inayonichukua muda kama kupanda mbegu moja moja.

Jumatano wakaniita tena kuona matokeo. Ukutani walikuwa wamemulika picha kubwa, upande mmoja simu, upande mwingine daftari la kompyuta la kituo cha afya, ambalo nalo walikuwa wamelichukulia nakala. Salma ndiye aliyesimama kueleza, maana kesi ilikuwa ya kundi lake. Alikuwa amesuka nywele upya.

"Simu ya marehemu inaonyesha mlalamikaji alipiga kituoni saa mbili na dakika tano asubuhi," akasema. "Daftari la kituo linaonyesha simu ilipokelewa saa tatu na dakika tano. Tofauti ni saa moja kamili, dakika hazikuguswa. Na kumbukumbu za ndani za kompyuta zinaonyesha maandishi hayo hayakuingizwa asubuhi. Yameingizwa saa sita kasoro, baada ya gari kuondoka na mgonjwa."

"Kwa nini mtu aisogeze saa moja?" Frank akauliza darasa.

Amani akanyoosha mkono. "Kituo kina utaratibu wake, mkufunzi. Gari lisipotoka ndani ya saa mbili tangu simu ipigwe, Mfawidhi anaandika barua ya kujieleza. Gari lilitoka saa nne na dakika arobaini. Ukihesabu toka saa mbili na tano, wamekosa. Ukihesabu toka saa tatu na tano, wako salama."

"Umeona?" Frank akasema. "Mhalifu wetu hakushika panga. Alishika kibodi."

Wakapiga makofi. Mkubwa wao, aliyekaa nyuma na wageni wawili, akapiga zaidi ya wote. Mimi nilikuwa natazama ile saa mbili na dakika tano ukutani, imeandikwa kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko mtu.

Nilipiga saa tatu na dakika tano. Daftari la kituo lilikuwa na haki.

Kwenye matanga, shemeji yangu Mohamedi, kaka yake Mwanahawa, aliniuliza mbele ya watu, "Ulipiga saa ngapi?" Nikamwambia saa mbili. Lilitoka lenyewe mdomoni. Baada ya kulisema mbele ya watu arobaini sikuweza tena kulirudisha, nikaenda nalo mpaka polisi. Sasa simu nayo imesema saa mbili, na makofi yamepigwa.

Kwa hiyo niseme saa mbili nilikuwa wapi. Nilikuwa shambani, napuliza salfa. Mikorosho ilikuwa kwenye maua, na ugonjwa wa unga mweupe usipoupiga salfa hupati korosho. Salfa ya unga inapulizwa alfajiri na asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka. Mashine ya kupulizia ilikuwa ya watu tisa kwa zamu, na siku ile ilikuwa zamu yangu. Ikinipita, nangoja siku tisa. Mwanahawa alitokea mwisho wa shamba, ameshika tumbo kwa mkono mmoja, akanipungia kwa mwingine. Mashine mgongoni inanguruma, sikusikia anachosema. Nikampungia nikimaanisha subiri, nimalize mstari. Akakaa chini, pale pale kwenye majani makavu. Nikamaliza mstari, nikaona salfa imebaki ya mstari mwingine.

Nilipofika aliko, jua lilikuwa limeshapanda. Nikambeba hadi nyumbani, ndipo nikashika simu.

Hayo nilikuwa nayajua, nimekaa ukumbini, kiti cha plastiki, chupa ya maji mkononi. Ningeweza kusimama. Nilijiambia, hawa wakubwa wamezoea kuponyoka, acha safari hii Mfawidhi aingie. Aliliondoa gari kwa wagonjwa akalipeleka kwenye ngoma, na hilo ni kweli bila saa yoyote. Mungu amewashika kwa njia hii, nani mimi wa kuwafungulia?

Basi wakaenda kukamata. Lakini kompyuta haina jina la Mfawidhi. Ina jina la aliyeandika. Mfawidhi alipoulizwa alisema, "Mimi mambo ya kompyuta siyajui, anayeyajua ni yule binti." Mchana ule ule askari wakaenda na mkufunzi wao, wapate na zoezi la kukamata vifaa, wakamtoa binti mmoja anaitwa Farida. Miaka ishirini na mitatu, kwao Mtawanya, amejitolea pale kituoni mwaka wa pili akingoja kuajiriwa. Nilikuwepo, walinichukua kama mlalamikaji. Waliitia simu yake kwenye mfuko wa khaki, wakapiga picha, Frank akawaonyesha namna ya kubandika lakiri. Yule binti alikuwa anasema, "Nilinakili kutoka kwenye daftari la muuguzi, umeme ulikuwa umekatika asubuhi, ulizeni." Daftari la muuguzi halikupatikana. Mfawidhi alisimama kwenye baraza ya kituo chake mikono nyuma, kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani akichukuliwa.

Ijumaa wakapewa vyeti. Frank akarudi Dar es Salaam na mitambo yake.

Siku ya kumi na moja tangu Farida akamatwe, mama yake alikuja kwangu. Nilikuwa namenya mihogo juani. Nikaona mwanamke amevaa kanga mbili za msiba, ingawa kwake hakujafa mtu.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Ndiye wewe Kassimu?"

"Ndiye."

"Mimi Halima, mama yake Farida." Akangoja nimkaribishe kukaa. Nikamsogezea kigoda. "Pole na mke, kaka yangu. Sikuja msibani, sikuwa nawajua."

"Nimeshapoa."

"Hujapoa. Mtu aliyepoa hafungi watoto wa watu."

Nikasema, "Sikumfunga mimi. Nimeshtaki wakubwa, wao wakamtoa mwanao. Kawaulize hao."

"Nimewauliza! Mfawidhi anasema kesi iko polisi. Polisi wanasema kesi iko kwenye mtambo. Mtambo uko Dar es Salaam." Akafuta uso kwa pindo la kanga. "Mwanangu anawaambia, fungueni simu yangu mwone, mimi nilimpigia yule mzee mara tatu kwa vocha yangu. Saa yake imo humo. Wanamjibu simu imeshapigwa lakiri, haifunguliwi bila mtaalamu. Sasa simu ya mtoto, ambayo neno la siri analijua mwenyewe, inahitaji mtaalamu wa nini?"

Nilizikumbuka zile simu tatu. Mwanahawa amelala kwenye mkeka, mimi niko barabarani natazama vumbi la gari lisilokuja, kitochi kinalia, sauti ya msichana inasema, "Baba, poleni, dereva tumeshampata, msimpe kitu cha kula." Mara ya pili, "Baba, bado anaongea? Mlazeni chali, miguu iwe juu." Mara ya tatu alikuwa analia. Pale Chuno, zile simu tatu zilikuwa ukutani pia. Frank aliwaambia askari ni dalili ya mtu mwenye wasiwasi.

"Ndiye aliyekuwa anapiga?" nikauliza.

"Hukumjua?"

"Hakutaja jina."

Halima akasema, "Sikuja kukuomba uifute kesi. Mke wako amekufa, haki yako unaijua. Nimekuja unijibu kitu kimoja tu, na nitaondoka. Ulipiga saa mbili?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Nikamwambia, "Simu imesema saa mbili."

"Nimekuuliza wewe, sikuuliza simu."

"Simu imesema, mama. Mimi nina darasa la nne, wao wana vyeti."

Akainuka. Hakunitukana, hakulia. Alinirudishia kigoda changu mahali pake, akasema "Haya," akashika njia ya kituo cha basi, mwendo mrefu kwenye mchanga. Nilikaa na mihogo mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia. Nilikuwa nimemdanganya shemeji, nimewadanganya polisi, na yote hayo nilikuwa na jina la kuyaita. Hili la mama wa Farida sikulipatia jina.

Kesho yake nikaenda mjini.

Salma alikuwa zamu. Nyuma yake walikuwa wamebandika picha ya siku ya vyeti, yeye yupo katikati. Akanisalimia vizuri. "Shikamoo baba. Umekuja kuulizia tarehe ya mahakama?"

"Marahaba. Nimekuja kubadilisha maelezo."

Kalamu ikasimama. "Kubadilisha vipi?"

Nikamweleza. Laini ya Msumbiji, saa ya ng'ambo, betri, redio. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akainuka akafunga mlango.

"Nani amekutisha? Yule mama amekuja kwako?"

"Alikuja. Hakunitisha."

"Unajua unachosema? Tulikuuliza kama laini imetolewa. Ukasema hapana. Niliandika mimi, kwa mkono huu. Umetia sahihi."

"Nilidanganya."

"Na laini iko wapi?"

"Chooni. Niliivunja."

"Basi!" Akatupa mikono. "Ni maneno yako na mashine. Mkubwa amewaonyesha wageni kazi hii, baba. Imeandikwa kwenye ripoti kwamba Mtwara wametatua kesi ndani ya siku tatu. Niende nimwambie nini? Kwamba mzee amesahau kwamba kuna nchi ng'ambo ya mto?"

"Mwambie mliiuliza simu, hamkuuliza mtu wa mto."

"Usinifundishe kazi."

"Wewe mwanangu, kwenu wapi?"

"Dodoma."

"Ungekuwa wa huku ungejua. Kaulize nyumba yoyote ya kwetu saa za simu zao."

Alikaa, akafungua kompyuta yake, na nikaona anatafuta ile nakala ya kitochi, kwa sababu jina la Mwanahawa lilitokea juu. Darasani waliambiwa kila kundi liangalie siku ya tukio tu, muda ulikuwa mfupi na chakula kilikuwa kimefika. Sasa akarudi nyuma siku moja, siku mbili. Siku ya tatu akasimama.

"Mama yake marehemu yuko ng'ambo?"

"Yuko."

"Namba yake inaanza na mbili tano nane?"

"Ndiyo za kule zote."

"Jumapili ile ameongea naye dakika kumi na nane." Alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, kama anasoma barua yake mwenyewe. "Laini ya kwanza. Imeandikwa hapa, laini ya kwanza." Akaegemea kiti, akafumba macho. "Na mimi niliandika nafasi ya kwanza ilikuwa tupu siku zote."

Alitoka nje. Nilimsikia barazani anaongea na mkubwa wake. Sauti ya mkubwa ndiyo iliyokuwa inafika: "Si sasa, Salma... Ngoja wageni... Nani amekutuma kuchimba?" Yeye simsikii anachojibu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na mkononi alikuwa na mfuko wa khaki wenye lakiri.

"Amesema niache?" nikauliza.

"Amesema nikiufungua huu ni juu yangu." Akachukua mkasi. "Kaa hapo uwe shahidi."

Akamleta Farida kutoka mahabusu. Binti alikuwa amepungua, kanga aliyojifunga ilikuwa ya mwanamke mnene. Hakuniangalia. Alitaja neno lake la siri, Salma akaliandika kwenye simu, wakashuka pamoja mpaka mwezi wa saba. Simu tatu kwenda kwa namba ya Mwanahawa. Ya kwanza saa tatu na dakika ishirini na mbili. Kitochi chetu kilikuwa kimeandika saa mbili na dakika ishirini na mbili. Ya pili vivyo hivyo, ya tatu vivyo hivyo, saa moja, saa moja.

"Niliwaambia," Farida akasema. Alisema mara moja tu. "Siku kumi na mbili nawaambia."

Salma akamwambia akae. Akavuta karatasi mpya. Aliandika jina langu, umri, kabila, dini, kijiji, kama hajawahi kuniona. Akaandika habari ya laini. Halafu akauliza, kwa sababu karatasi inamtaka aulize:

"Katika maelezo ya kwanza ulisema maumivu ya marehemu yalianza kabla ya saa mbili. Unabadilisha na hilo?"

"Hapana. Hilo ni kweli."

"Umepiga simu saa tatu na dakika tano. Kati ya hapo ulikuwa wapi?"

Farida aliinua uso. Wote wawili walikuwa wananitazama, na nje Sajini Amani alikuwa anacheka na mtu. Ningeweza kusema nilitafuta mtandao. Kwetu mtandao unatafutwa, wangeamini. Salma mwenyewe nadhani alikuwa tayari kuliandika.

Nikasema yote. Mashine, zamu, mstari, mkono. Salma akaandika mpaka akafika alipokaa Mwanahawa chini, akauliza, "Alikaa muda gani?" Nikamwambia mistari miwili. Akaniuliza mistari miwili ni dakika ngapi. Nikamwambia ndiyo hiyo saa yenyewe.

Akanisomea, nikatia sahihi kila ukurasa.

Farida alitoka baada ya siku tano, maana na kutoka kuna barua zake. Kituoni hawakumrudisha. Walisema nafasi za kujitolea zimejaa. Mfawidhi amehamishiwa kituo kikubwa zaidi, chenye magari mawili. Salma yuko kikosi cha trafiki sasa, anasimama juani kwenye njia ya Mikindani, na picha ya vyeti bado iko ukutani. Mimi nina shitaka la kutoa taarifa za uongo na kuharibu kielelezo, naripoti kila Jumatatu ya pili.

Maelezo yangu yalisomwa mahakamani kwa sauti, na shemeji Mohamedi alikuwa amekaa benchi la tatu na ndugu wa marehemu. Hakunishika shati. Alivaa kofia yake akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Bado nasema gari la wagonjwa lilikuwa kwenye ngoma. Saa moja na dakika thelathini na tano lilikuwa kwenye ngoma baada ya mimi kupiga, na hilo halikuandikwa kwenye shitaka la mtu yeyote. Nimelisema kwa mwenyekiti, nimelisema kwa diwani, nitalisema mbele ya hakimu. Watu wa kwa mke wangu wananiacha niliseme mpaka mwisho, wana subira. Nikishamaliza, mmoja wao ananiuliza ile mistari miwili ilikuwa na mikorosho mingapi.